Namna ya Kuinua Mzigo Mzito Bila Kuumiza Mwili



Leo tufundishane juu ya jambo ambalo kila nyumba ya Fizi na Baraka inalijua, lakini watu wachache wamekaa kulifikiri. Jambo hilo ni mzigo. Kabla jua halijatokea nyuma ya Ubwari, mama na binti zake wamekwisha kwenda majini na bidoni. Pwani mitumbwi imefika, na vijana wanaingia katika maji mpaka kiunoni kupakua magunia ya muhogo, mawese na dagaa. Juu milimani watu wanashuka na kuni, makaa na ndizi. Jumamosi wakristo wanasomba mawe na mchanga kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Sisi ni watu wa kubeba, na si aibu. Kazi ni heshima.

Lakini njoo ukae siku moja katika chumba cha kupimia wagonjwa. Utamwona kijana asiyeweza kunyoka. Utamwona baba mwenye uvimbe katika kinena ambaye ameuficha miaka mitatu. Utamwona mama anayesema kwa sauti ndogo, akitazama chini, kwamba kitu fulani kinashuka katika mwili wake tangu alipozaa mtoto wa mwisho. Hao wote walibeba. Wengi wao wangalikuwa wazima kama mtu angaliwafundisha mapema. Kwa hiyo soma maneno haya, kisha umsomee yule asiyejua kusoma.

KWA NINI MGONGO HUUMIA

Uti wa mgongo wako si mti mmoja. Ni pingili nyingi, moja juu ya mwenzake kama matofali. Kati ya pingili na pingili Mungu ameweka kitu laini chenye kukubali kubanwa na kurudi, mfano wa mpira. Nyuma yake kuna misuli inayoushika mgongo wote usianguke mbele, kama kamba inavyoshika mlingoti wa mtumbwi.

Sasa chukua bidoni ya maji ya lita 20. Uzito wake ni kilo 20 na zaidi kidogo. Ishike mbele yako, mikono ikiwa imenyoka, mbali na tumbo karibu nusu meta. Unasikia namna inavyokuvuta? Misuli ya mgongo iko karibu sentimeta 5 tu nyuma ya katikati ya pingili, lakini mzigo uko sentimeta 50 mbele. Ni mara kumi. Basi ili kushika kilo 20 misuli inalazimika kuvuta kama kilo 200, tena hatujahesabu uzito wa kifua chako na kichwa chako. Sasa ilete bidoni ile ile karibu na tumbo, sentimeta 25. Misuli inavuta nusu tu. Maji hayakupungua hata tone moja. Kilichopungua ni umbali.

Hii ndiyo sheria ya kwanza, nayo ni kubwa kuliko zote: mzigo ukae karibu na mwili.

Mtu akiinama kama upinde na kunyanyua gunia huku anageuka upande, kile kitu laini katikati ya pingili hubanwa mbele na kusukumwa nyuma. Siku nyingine hupasuka na kugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndipo mtu anasikia maumivu kama moto tokea matakoni mpaka kwenye unyayo. Wengine husema, "Nimerogwa, nimekanyaga dawa." Hapana, ndugu. Ni gunia lile la juzi.

NAMNA YA KUINUA, HATUA KWA HATUA

1. Fikiri kwanza. Mzigo huu unakwenda wapi? Njia ni kavu au inateleza? Utautua juu ya nini? Mtu asiyejua pa kutua ataumia njiani.

2. Jaribu uzito. Sukuma pembe ya gunia kwa mguu au inua upande mmoja kidogo. Kama haukubali kutikisika, usipigane nao. Ita mwenzako.

3. Simama karibu kabisa. Panua miguu kadiri ya mabega, mguu mmoja mbele kidogo.

4. Kunja magoti na nyonga, si kiuno. Kifua kiangalie mbele. Mgongo ukae kama unavyokaa ukisimama.

5. Shika kwa mikono yote miwili, kwa kiganja kizima, wala si kwa ncha za vidole.

6. Vuta mzigo kifuani, halafu simama kwa nguvu ya miguu. Mapaja yana misuli mikubwa sana. Yaache yafanye kazi yao. Usizuie pumzi, pumua nje unapoinuka.

7. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usipinde kiuno.

8. Ukitua, fanya vile vile ulivyoinua. Watu wengi huumia wakati wa kutua, kwa sababu wamechoka na wanataka kuachilia upesi.

Utauliza, "Mzigo wa kilo ngapi ni halali?" Nitakujibu. Katika Marekani wataalamu wa afya ya kazi huanza hesabu yao katika kilo 23 kwa mtu anayeinua kwa mikono, mzigo ukiwa karibu na mwili na mahali pakiwa pazuri. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa shauri kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja usipite kilo 55, na wa wanawake na vijana uwe mdogo zaidi sana. Zamani za misafara, wapagazi waliotoka Ujiji ng'ambo ya ziwa letu mpaka pwani ya bahari walipewa mizigo ya kilo 30 hivi, kwa maana wakuu wa misafara walijua kwamba mtu aliyelemewa hafiki. Na sisi leo? Tunamwekea kijana gunia la kilo 100 begani na kumwambia akimbie juu ya ubao uliolowa maji. Je, tumeendelea mbele au tumerudi nyuma?

Ewe mwenye mali, gawanya gunia. Magunia mawili ya kilo 50 yanabeba muhogo ule ule. Na kilo 50 zibebwe na watu wawili kila iwezekanapo. Toroli, mkokoteni na baiskeli havina mgongo wa kuvunjika. Kama huna toroli, tumia mti mrefu kama wenzo, au vingirisha pipa juu ya magogo mawili. Akili ni sehemu ya nguvu.

MZIGO WA KICHWANI NA WA MGONGONI

Kubeba kichwani si kubaya katika nafsi yake, kwa maana mzigo unakaa juu ya mstari wa mwili. Hatari ni tatu. Ya kwanza ni kuupandisha. Usijitwike peke yako mzigo mzito. Watu wawili wakutwike, na wawili wakutue. Ya pili ni kuuzidisha, mpaka shingo inazama mabegani. Ya tatu ni kuteleza. Mtu akianguka na mzigo mkubwa kichwani anaweza kuvunjika shingo, na mwenye shingo iliyovunjika huenda asitembee tena. Kwa hiyo weka kata nzuri, tembea bila haraka, na ukisikia mguu unakwenda, tupa mzigo mbali nawe. Bidoni hununuliwa tena. Shingo hainunuliwi.

Wale wanaobeba kwa kamba ya paji la uso, kitunga kikiwa mgongoni, wahesabu kwamba shingo yote inavutwa nyuma saa nzima. Ongeza kamba za mabegani ili mabega yashiriki. Pumzika mara kwa mara mahali penye jiwe au kichuguu, ambapo unaweza kukitua kitunga bila kuinama mpaka chini. Katika mteremko chukua hatua fupi.

Mtoto anayekua asipewe mzigo wa mtu mzima. Bidoni ya lita 5 inamtosha mtoto mdogo. Akienda mara mbili hafi. Akienda mara moja na lita 20 anaumia.

MAMA MWENYE MIMBA NA MAMA ALIYEJIFUNGUA

Mama, maneno haya ni yako. Lakini mume wako naye ayasome, hata mara mbili.

Wakati wa mimba viungo vya nyonga hulegea ili mtoto apate njia. Tumbo linakwenda mbele na kuvuta mgongo. Mzigo mzito wakati huu huleta maumivu makali na hatari ya kuanguka. Baada ya kuzaa, nyama zile zinazoshika kizazi na kibofu kutoka chini zimenyoshwa sana, kama kitambaa kilichovutwa. Zinahitaji siku za kurudi. Mama akienda kusomba kuni juma la kwanza, nyama hizo zinasukumwa chini tena kabla hazijapona. Yule aliyezaa watoto wengi, au aliyekaa na uchungu muda mrefu, au mwenye kikohozi kisichokoma, yuko katika hatari zaidi. Kizazi kinaweza kushuka.

Dalili zake ni hizi: kusikia uzito chini kama umekalia kitu, kuona nyama inatokea, mkojo kutoka unapokohoa au kuinua kitu, na mgongo kuuma jioni na kupungua ukilala. Si laana. Si uchawi. Si alama ya uasherati. Ni ugonjwa wenye dawa. Mganga anaweza kuweka pete maalumu ya kuzuia kizazi, na wengine hufanyiwa operesheni. Waliopatwa na mambo mazito zaidi hutumwa mpaka Bukavu, katika hospitali ya Panzi, ambayo tangu mwaka 1999 imewatibu wanawake wengi mno. Usijifiche nyumbani.

Kwa majuma 6 ya kwanza baada ya kuzaa, na hasa baada ya kupasuliwa, usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako. Fanya zoezi hili: kaza nyama za chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu mpaka 5, achilia. Mara 10 asubuhi, mara 10 adhuhuri, mara 10 usiku. Hakuna anayekuona.

Na nani atachota maji majuma yale 6? Wewe, baba. Sheria ya Musa, katika Kutoka mlango wa 23, inamwagiza mtu kumsaidia hata punda wa adui yake akimwona amelala chini ya mzigo wake. Ikiwa punda wa adui anasaidiwa, mke wako je? Watu wakikucheka njiani na bidoni yako, waambie umesoma Kutoka.

TREKTA NAYO INASHIKA SHERIA ILE ILE

Katika nchi nyingi wakulima na wajenzi hutumia trekta ndogo yenye mikono miwili ya chuma mbele na ndoo kubwa ya kuzoa mchanga, mawe au magunia. Ni kitu cha kumshukuru Mungu, kwa maana dakika chache zake zinaokoa migongo ya watu kumi. Lakini chuma hakikuondolewa katika sheria za Muumba. Yale yanayouangusha mwili wa mtu ndiyo yanayoiangusha trekta. Nasema haya ili yule atakayefanya kazi karibu na mashine kama hiyo, barabarani au shambani, arudi nyumbani salama.

Kwanza, uzito mbele unataka uzito nyuma. Ndoo ikijaa, magurudumu ya mbele hulemewa, na ya nyuma huwa mepesi na yanaweza kuinuka. Kwa hiyo dereva mwenye akili hufunga uzito mwingine nyuma ya trekta. Ni kama mtu abebaye ndoo mbili nusu nusu, mkono wa kuume na wa kushoto: anatembea sawa. Aliye na ndoo moja iliyojaa anapinda.

Pili, mzigo ukae chini. Ndoo ikiinuliwa juu sana wakati wa kutembea, trekta inakuwa kama mtumbwi ambao watu wamesimama ndani yake. Shimo dogo tu, nayo inalala ubavu. Tembea na ndoo karibu na ardhi, polepole, usikate kona kwa haraka. Inua juu pale pa kumwagia tu, mahali palipo sawa.

Tatu, mlimani usipite kwa ubavu. Panda na kushuka moja kwa moja, na mzigo ukae upande wa juu wa mlima. Maana yake, ukipanda na ndoo iliyojaa enda mbele. Ukishuka rudi kinyumenyume. Kama trekta ina nguzo za kumlinda dereva na mkanda, dereva afunge mkanda.

Nne, usipite uzito ambao watengenezaji wameuandika. Trekta ikikataa kuinua, imekupa shauri jema.

Tano, mtu asipite wala kusimama chini ya ndoo iliyoinuliwa, hata kwa nukta moja. Mpira unaosukuma mafuta ukipasuka, ndoo hushuka bila kusema neno. Watoto wafukuzwe mbali. Mtu asipande ndani ya ndoo kama katika kiti. Gogo au pipa lisilofungwa linaweza kuvingirika juu ya mikono mpaka kwa dereva. Lifungwe vizuri au lisiinuliwe. Na dereva akitaka kushuka, ashushe ndoo mpaka ardhini na kuzima mashine kwanza.

Karibu, chini, polepole, sawasawa, bila kupita kipimo: ni sheria za mashine, ni sheria za mgongo wako.

UKIISHA KUUMIA

Mgongo ukikaza baada ya kuinua, usilale kitandani juma zima. Zamani waganga waliagiza hivyo, lakini sasa tunajua kwamba mgongo uliolazwa sana unakawia kupona. Pumzika siku moja au mbili, kisha tembea taratibu, na fanya kazi nyepesi. Weka kitambaa cha moto. Meza paracetamol kama ulivyoagizwa. Usikubali kuchanjwa kwa wembe, wala mtu kukukanyaga mgongoni, wala sindano ya mtu wa sokoni.

Lakini njoo hospitalini siku hiyo hiyo, ya Baraka, ya Fizi, ya Nundu au yoyote iliyo karibu, ukiona mojawapo la mambo haya:

Mguu umekosa nguvu, au unyayo unaburuzika.
Ganzi katikati ya mapaja, mkojo umeziba, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua.
Umeanguka au umeangukiwa na mzigo, na shingo au mgongo unauma.
Uvimbe wa kinena, yaani ngiri, uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi, umekuwa mgumu, unauma, nawe unatapika. Hapo utumbo umenaswa. Usiusukume kwa nguvu. Hapa saa zinahesabiwa, si siku.

Tena, mgongo unaouma majuma mengi, pamoja na homa, kukonda au kutoka jasho usiku, pengine si mzigo bali kifua kikuu kilichoingia katika mifupa. Kina dawa. Njoo upimwe. Na mwenye ngiri isiyouma asingoje mpaka inaswe. Operesheni ya mapema ni nyepesi kuliko ya usiku wa hatari.

MTU AKIANGUKIWA NA MZIGO

Usimvute kwa mikono. Kwanza inueni mzigo, watu wengi pamoja au kwa wenzo, na kuweka jiwe au gogo chini ili usirudi. Damu ikitoka, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi wala usifungue fungue kutazama. Kama shingo au mgongo unauma, msimketishe, msimpandishe pikipiki akiwa ameketi. Mmoja ashike kichwa kisigeuke. Wengine wamgeuze mwili mzima pamoja kama gogo, na kumlaza juu ya mlango au ubao. Yule ashikaye kichwa ndiye ahesabuye "moja, mbili, tatu," na wote wainue kwa neno lake.

Mnakumbuka yule mwenye kupooza katika Marko mlango wa 2? Watu wanne walimchukua. Hawakumkokota mmoja mmoja. Wanne, kila mmoja na pembe yake, kwa moyo mmoja, mpaka juu ya dari. Hata leo hiyo ndiyo njia iliyo bora ya kumchukua mgonjwa.

MIZIGO YETU MBELE ZA MUNGU

Wapendwa, katika Wagalatia mlango wa 6 Mtume Paulo anasema juu ya mizigo miwili. Uko ule ambao imetupasa kusaidiana, na uko ule ambao kila mtu atauchukua mwenyewe. Gunia la kilo 100 ni la kusaidiana. Kutunza mwili aliokupa Mungu ni mzigo wako mwenyewe. Mimi siwezi kukubebea.

Na katika Mathayo mlango wa 23 Bwana Yesu aliwakemea wale waliofunga mizigo mizito na kuitwika mabegani mwa watu, nao wenyewe hawakutaka kuigusa hata kwa kidole. Mwenye mtumbwi, mwenye duka, mzee wa kanisa unayepanga kazi ya Jumamosi, jiulize uko upande gani. Mawe ya kanisa yapitishwe mkono kwa mkono katika mstari, mojamoja, na wenye mimba wakae kuimba au kupika. Nyumba ya Mungu itasimama, na hakuna atakayelala kitandani kwa sababu yake.

Kesho asubuhi bidoni itakungoja mlangoni. Kabla hujaishika, sogea karibu, kunja magoti, pumua. Na kama ni nzito mno, fungua kinywa na uite mwenzako.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Kwa nini bidoni ile ile ni nyepesi ikiwa karibu na tumbo?
2. Mama aliyezaa aache mizigo mizito kwa majuma mangapi? Nani atamsaidia katika nyumba yenu?
3. Taja mambo manne yanayomleta mtu hospitalini siku hiyo hiyo.
4. Kwa nini mtu asisimame chini ya ndoo ya trekta?
5. Katika kazi ya kanisa lenu, ni mzigo gani mtakaougawanya Jumamosi ijayo?